Mizani ya Mabingwa

Miongoni mwa mabishano yasiyozeeka ni lile la kuwapanga mabingwa: nani wa kwanza, nani wa pili, na nani asiyestahili hata kutajwa. Wapenzi wa tungo wa mwambao wanalijua vyema, kwani ni nadra baraza lao kukaa muda mrefu pasi na mtu kuuliza kama Muyaka bin Haji ni mkubwa kuliko Shaaban Robert, na mwingine kumjibu kwamba swali lenyewe ni kosa. Wapenzi wa taarab nao wana lao. Na huko bara, chini ya Mlima Meru, vijana wa Usa River wanalo kwa sura nyingine: wao huwapanga walinzi wafungaji wa mpira wa kikapu.

Usa River ni mji mdogo uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, na ndipo yalipo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Umezungukwa na migomba, kahawa na mashamba ya maua. Ligi ya kikapu ya Marekani, ile NBA, huchezwa aghalabu wakati mji huo umelala. Mchezo unaoanza saa moja na nusu ya jioni katika jiji la New York majira ya baridi, kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa tisa na nusu za usiku. Basi kijana wa huko huupata mchezo asubuhi, katika simu, vipande vipande. Hata hivyo anazijua hesabu za wachezaji kama vile mwanachuo anavyozijua aya zake, na akiguswa katika jina alipendalo hana simile.

Katika timu ya watu watano, mlinzi mfungaji ni yule aitwaye namba mbili. Jina lake lina mgongano ndani yake, kwani huitwa mlinzi naye anasifiwa kwa kufunga. Kazi yake ni kutupa mpira kutoka mbali, kupenya katikati ya warefu kuliko yeye, na kisha kurudi kumzuia mwenziwe wa upande wa pili asifanye yale yale. Majina yatajwayo ni yale yale kila pahala: Michael Jordan, Kobe Bryant, Jerry West, Dwyane Wade, Allen Iverson, James Harden. Wengi humweka Jordan juu, na ubishi wa kweli huanzia nafasi ya pili. Lakini hata huyo wa kwanza hukaa pale kwa hoja, na hoja hizo zikichunguzwa zinaonesha kwamba anayewapanga wachezaji anafanya jambo kubwa kuliko anavyodhani. Anahukumu. Na kila penye hukumu, suala la haki limekwisha ingia.

Mizani ya kwanza ambayo kila mtu huikimbilia ni idadi. Idadi ina heshima yake, kwani haina ukabila wala upendeleo. Jordan alimaliza safari yake na pointi 32,292. Kobe Bryant akamaliza na pointi 33,643. Kwa mwenye kusoma tarakimu tu, neno limekwisha: Kobe yuko juu. Lakini papo hapo mtu wa pili atauliza kila mmoja alicheza michezo mingapi, na ataambiwa kwamba Jordan alicheza michezo 1,072 katika misimu 15, na Kobe michezo 1,346 katika misimu 20. Ukigawa, Jordan alipata zaidi ya pointi 30 kwa kila mchezo na Kobe 25. Tarakimu zile zile zimegeuza hukumu. Hazikusema uongo hapo awali, wala hazisemi uongo sasa. Zilijibu maswali mawili tofauti, na aliyeuliza hakujua kwamba ameuliza mawili. La kwanza lilikuwa: nani ametoa zaidi? La pili: nani alikuwa mkali zaidi kila alipoingia uwanjani? Mkulima aliyelima ekari kumi kwa miaka ishirini na yule aliyelima ekari tisa kwa miaka kumi na mitano, ni yupi mkulima bora? Jawabu halitoki katika ekari. Linatoka kwa anayeuliza, na katika lile analolitaka.

Wakishindwa kukubaliana katika pointi, wabishani huhamia kwenye ubingwa. Jordan ametwaa vikombe 6 pamoja na Chicago Bulls, kati ya 1991 na 1998. Kobe 5 na Los Angeles Lakers. Wade 3 na Miami Heat. Jerry West kimoja tu, cha 1972. Hapa nako mizani inaonekana imara mpaka mtu akumbuke kwamba kikombe ni cha timu. West alifika fainali mara tisa na akashindwa nane. Mwaka 1969 timu yake ya Lakers ilifungwa na Boston Celtics, na waliohukumu fainali ile wakampa yeye, aliyeshindwa, tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Hadi leo hajatokea mwingine aliyepewa tuzo hiyo akiwa upande wa walioshindwa. Wale waliokuwepo waliona jambo ambalo hesabu ya vikombe haiwezi kulibeba, yaani kwamba inawezekana mtu kuwa bora kuliko wote uwanjani na bado akatoka hana kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Jerry West huyo anafungua mlango wa tatizo la pili, ambalo ni gumu zaidi, nalo ni la zama. Alicheza kutoka 1960 hadi 1974. Alisifika kwa mitupo ya mbali, lakini mstari wa pointi tatu haukuwepo katika NBA mpaka msimu ulioanza 1979, miaka mitano baada ya yeye kuondoka. Kila mpira alioutupa kutoka pale ambapo Harden na wenziwe wa leo wangehesabiwa tatu, yeye alihesabiwa mbili. Zaidi ya hayo, alikuwa hodari wa kumpokonya mpinzani mpira, lakini ligi ile haikuanza kuandika upokonyaji wa mpira katika vitabu vyake rasmi mpaka msimu wa 1973/74, ambao ndio wake wa mwisho. Kwa hiyo miaka kumi na mitatu ya mikono yake haimo katika daftari. Kijana wa leo akifungua hesabu na kuona pahala patupu, atadhani kwamba West hakupokonya. Kumbe alipokonya, ila hakukuwa na mwenye kalamu.

Msomaji wa mashairi hatalistaajabia hilo. Tungo za Muyaka, aliyeishi Mombasa na kufariki karibu na 1840, zimetufikia kwa sababu walikuwepo watu waliozihifadhi vifuani, na baadaye akatokea William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, akaziandika. Kitabu chake hakikutoka mpaka 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kuzikwa. Ni malenga wangapi wa zama zake waliokuwa na ulimi kama wake, lakini hawakupata Sikujua wao? Mwana Kupona wa Pate ametufikia kwa utenzi wake wa 1858 kwa binti yake. Wanawake wangapi waliwatungia mabinti zao, na maneno yao yakaishia uani? Kila orodha ya mabingwa ni orodha ya walioandikwa. Asiyelijua hilo hudhani kwamba anawapanga wakubwa, kumbe anawapanga wale waliobahatika kuwa na waandishi.

Na kwa kuwa wanawake wametajwa, yafaa kulisema jambo ambalo vijana wengi hulipita bila kugeuka. Diana Taurasi, mlinzi mfungaji wa Phoenix Mercury, aliyestaafu 2025, ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika ligi ya wanawake ya Marekani, akapita pointi 10,000. Alitwaa pia dhahabu 6 za Olimpiki mfululizo, kutoka Athens 2004 hadi Paris 2024, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine wa kikapu, mwanamume au mwanamke, aliyelifanya. Lakini swali likiulizwa, nani mlinzi mfungaji mkubwa kupita wote, jina lake halitajwi hata ili likataliwe. Kukataliwa kwa hoja ni heshima fulani, kwa sababu anayekataliwa amepimwa. Aliyesahauliwa hakuingia katika mizani kabisa.

Tatizo la tatu ni la ushahidi. Wahenga walisema: aisifuye mvua imemnyea. Maana yake ni kwamba sifa ina thamani pale inapotoka kwa aliyeguswa na jambo lenyewe. Vijana wa Usa River hawakunyeshewa na mvua ya West, wala wengi wao na ile ya Jordan. Wamepokea matone yaliyochujwa: kipande cha dakika tano ambamo kila mpira unaingia. Kobe Bryant alipostaafu 2016, ndiye aliyekuwa amekosa mitupo mingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya NBA. Hilo si aibu. Anayekosa sana ni yule anayethubutu sana na anayeaminiwa sana. Lakini katika vipande vya simu Kobe hakosi. Usiku wa tarehe 22 Januari 2006 alipofunga pointi 81 hutazamwa kila siku. Usiku aliotupa ovyo hautazamwi na mtu. Wala si vijana pekee wafanyao hivyo. Wazee nao huwatazama mabingwa wa ujana wao kwa kumbukumbu, na kumbukumbu nayo hukata na kuunga vipande vyake.

Aliyesimama Usa River asubuhi isiyo na mawingu anaweza kulielewa jambo hili bila mwalimu. Upande mmoja unasimama Meru, karibu kabisa, umejaza nusu ya mbingu. Upande wa mashariki, mbali, inaonekana theluji ya Kilimanjaro, ndogo, kama kofia iliyosahauliwa juu ya upeo. Macho yanasema Meru ni mkubwa. Vipimo vinasema Kilimanjaro una mita 5,895 na Meru una mita zaidi ya 4,500 kidogo. Macho hayakudanganya, yamesema kweli kuhusu pahala yaliposimama. Kosa ni la mtu anayechukua neno la pahala alipo akalifanya kuwa neno la dunia nzima. Ndivyo zama ilivyo. Bingwa wa zama zetu hujaza mbingu kwa sababu tumesimama miguuni pake.

Lakini kuna jingine katika mlima huo. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba Meru ulikuwa mrefu zaidi hapo kale, na kwamba ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi chake ndicho kilichoshika maziwa ya Momela. Mwenye kuupima leo hupima kilichobaki. Wako wachezaji wa namna hiyo pia, ambao goti au kifundo cha mguu kiliwaporomosha kabla ya wakati, na hesabu zao ni hesabu za mlima uliovunjika.

Mpaka hapa mazungumzo yamekuwa juu ya watu waliokwisha cheza. Lakini upo upangaji mwingine, ule wa kuwapanga watu kabla hawajatenda, na hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa. Kila mwaka timu za NBA huchagua vijana wapya, mmoja baada ya mwingine, na nafasi ya kijana katika mchujo huo humfuata maisha yake yote. Mwaka 1984 wa kwanza alikuwa Hakeem Olajuwon, mwana wa Lagos. Wa pili Sam Bowie. Wa tatu Michael Jordan. Yule ambaye leo anawekwa juu ya walinzi wafungaji wote alihesabiwa wa tatu na watu ambao kazi yao ilikuwa ni kuhesabu. Olajuwon aliithibitisha nafasi yake kwa vikombe viwili, 1994 na 1995. Bowie, aliyesumbuliwa na majeraha ya mguu, amekuwa kichekesho kwa kosa ambalo hakulitenda yeye. Hakujichagua.

Miaka 25 baadaye jambo hilo liligonga mlango wa nyumbani. Tarehe 25 Juni 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana mwenye urefu wa takriban mita 2.21 aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Wa tatu, nyuma yake, alikuwa James Harden, ambaye mwaka 2018 alitangazwa mchezaji bora wa ligi na ambaye leo hakuna orodha ya walinzi wafungaji inayoweza kumwacha nje. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Kwa usiku mmoja, kwa mujibu wa mizani rasmi ya wajuzi, kijana wa Dar es Salaam alikuwa mbele ya wote hao.

Thabeet hakuwa mlinzi. Alikuwa mtu wa katikati, mzuiaji. Alicheza NBA hadi 2014, katika Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, bila ya kufikia yale yaliyotarajiwa. Tangu hapo yako maneno mengi ya kumbeza, na yote yanasimama juu ya tarakimu moja: pili. Laiti angechaguliwa wa arobaini, safari ile ile, michezo ile ile, ingesimuliwa kama ushindi wa kijana aliyetoka Afrika Mashariki akafika mahali ambapo hakuna mwenziwe aliyewahi kufika. Maisha ni yale yale. Nafasi waliyompa wengine ndiyo iliyoyageuza kuwa hasara. Hapa msomaji aone jinsi upangaji unavyoweza kudhulumu bila kusema neno moja la uongo. Hakuna aliyemsingizia. Walimwekea deni tu, kisha wakamdai.

Nchi yenyewe imewahi kulitafakari jambo hili katika mambo mazito kuliko mpira. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na magazeti yakachapa picha zao. Mwezi Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lilitangaza kuacha desturi hiyo, kwa hoja kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Wako waliofurahi na wako waliolalamika kwamba sasa bidii haitaonekana. Pande zote mbili zilikuwa na neno. Mtoto asomaye kwa taa nzuri na maabara kamili, na yule anayetembea kilomita nyingi kwenda kwenye darasa lisilo na mwalimu wa hisabati, wakiandikwa katika orodha moja, orodha hiyo inapima nini? Inapima watoto, au inapima barabara, mishahara na mabati? Ni swali la Jerry West na mstari usiokuwepo, isipokuwa hapa aliye katika mizani ni mtoto, naye anaisoma orodha hiyo kama hukumu juu ya nafsi yake.

Basi je, tuache kabisa kuwapanga watu? Wako wasemao hivyo, na kauli yao ina upole wa kuvutia: kila mmoja ni mkubwa kwa namna yake, kila zama na kitabu chake, tusilinganishe. Lakini kauli hiyo ikifuatwa mpaka mwisho wake inadhulumu pia. Anayesema kwamba wote ni sawa hana haja ya kumtazama yeyote kwa makini. Aliyeamka alfajiri miaka ishirini kutupa mpira mara elfu, na aliyetupa pale alipojisikia, wakipewa sifa moja, wa kwanza amenyang'anywa chake. Mshairi aliyelihangaikia neno moja wiki nzima hapendezwi kuambiwa kwamba shairi lake ni zuri kama mashairi yote. Kulinganisha ni aina ya kutazama. Wabishani wa Usa River, kwa sababu wanabishana, wamejua mambo ambayo asiyebisha hayajui: kwamba Iverson, mwenye kimo cha mita 1.83 tu, alitangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2001 katikati ya majitu; kwamba Jordan, mfungaji, alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 1988. Malumbano ya washairi wa kale yalikuwa na faida hiyo hiyo. Aliyejibizana na Muyaka alilazimika kwanza kumsikiliza Muyaka.

Wengine hudhani kwamba dawa ni kutafuta mchezo usio na ubishi, na hutaja mbio, ambako saa ndiyo hakimu. Na nyanda za juu za kaskazini ni nchi ya wakimbiaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand nyuma yake. Mwaka uliofuata akavunja rekodi ya maili mjini Kingston. Dunia ikangojea wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal ya 1976. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, ilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Bayi alipata fedha ya kuruka viunzi na maji mjini Moscow mwaka 1980, siku ambazo Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5,000, na hadi Michezo ya Paris ya 2024 hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Sasa anayehesabu dhahabu atamweka Walker juu ya Bayi. Saa haikukosea. Lakini ile mbio ya 1976 haikukimbiwa, na iliachwa kwa ajili ya jambo lililokuwa kubwa kuliko mbio. Je, dhahabu ambayo taifa liliiacha kwa ajili ya utu wa wengine iandikwe wapi katika hesabu?

Na yuko John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Mexico, Oktoba 1968, walianza wakimbiaji 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alianguka njiani, akaumia, akafungwa bendeji mguuni, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, kiza kimeshaingia, akawa wa 57, wa mwisho wa waliomaliza. Wengine 18 hawakumaliza. Ukizitaka nafasi, ya kwake ni ya mwisho; na bado katika historia ya Olimpiki wako washindi wengi wa dhahabu ambao majina yao yamefutika, na jina la Akhwari halijafutika. Wala si kwamba huruma imemwinua juu ya Mamo Wolde. Mamo Wolde alikuwa mkimbiaji bora siku ile, na Akhwari angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Ila mbio ile ilipima vitu viwili, kasi na uaminifu, na saa iliandika kimoja.

Mnamo Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule uliotangazwa kwa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Ilibidi picha iamue, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na furaha yake ni halali kabisa. Lakini baada ya kilomita 42 na ushei, yule wa pili alikuwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Nafasi ya kwanza na ya pili ni namba mbili zinazofuatana. Haziwezi kusema kama kilicho kati yao ni unywele au ni bahari.

Kwa hiyo ubishi usiachwe, bali uwe na adabu zake. Adabu ya kwanza ni kuitaja mizani kabla ya kupima. Anayesema Kobe ni mkubwa kuliko West aseme kwanza: kwa lipi? Akilitaja, atakuwa ametoa hoja inayoweza kujibiwa. Asipolitaja, atakuwa ametaja mapenzi yake tu. Washairi walilijua hili pale walipogombana, tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, juu ya tungo zisizofuata vina na mizani. Kosa kubwa katika ugomvi ule lilikuwa la wale wa kila upande waliopima kwa kanuni ambayo mwenziwe hakuikubali, kisha wakashangaa kwamba ameshindwa. Adabu ya pili ni kukiri kile ambacho mizani haikuweza kukibeba: mstari ambao haukuwepo, daftari ambalo halikuandikwa, mbio ambayo haikukimbiwa, mwanamke ambaye hakuulizwa. Adabu ya tatu, ambayo ndiyo ngumu, ni kumpandisha mmoja bila kumdhalilisha mwingine. Chanda chema huvikwa pete, lakini hakuna anayevikata vile vingine vinne.

Mjini Arusha, kilomita ishirini na ushei kutoka Usa River, uko uwanja wa michezo ambao jina lake linatamkwa kila wiki na watu wasiolifikiria. Ni Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Huyo hakuwa mkimbiaji, wala hakufunga goli wala kikapu. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, na akafariki 1964 akiwa na miaka arobaini. Na alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, ambacho kiliwafunza watu wengi kuhesabu mizani na kulinganisha vina. Yeye aliyeandika kanuni za kupima tungo alijua kwamba kanuni hutenganisha shairi na lisilo shairi. Kwamba shairi hili ni kubwa na lile ni dogo ni jambo linalohitaji sikio, na sikio hufundishwa kwa kusikiliza mengi, kwa muda mrefu, pamoja na wengine wanaokataa kukubaliana nasi.